Ebei Emuria na Ubao wa Wabera

Waombolezaji wenzetu, mliotoka kanisani na mliotoka msikitini, familia inawasomea maisha ya Silvano Ebei Emuria, aliyetundika ubao wa habari pale mtaani Wabera kwa miaka kumi na minne, na ambaye wengi wenu mlio hapa mlipingana naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 karibu na Kipsing, akasoma shule ya misheni mjini Isiolo hadi darasa la nane, kisha akaenda Nairobi, ambako alianza kwa kufagia chumba cha habari cha gazeti moja, na kufikia mwaka wa 1968 alikuwa mwandishi. Alirudi nyumbani mwaka wa 1973, akaajiriwa kuwa karani wa mnada wa mifugo, na tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na Akiru, wakajaliwa watoto watatu, wawili wako nasi leo, mdogo wao alitangulia kwa surua mwaka wa 1984.

Ubao aliupigilia mwaka wa 1974 kwenye ukuta wa duka la fundi cherehani, kila Jumatatu akabandika ukurasa mmoja aliopiga taipu, akiacha ukingo mtupu upande wa kulia, na penseli imefungwa kwa uzi, ili asiyekubali ajibu papo hapo. Aliyejibu zaidi ni Golicha Wario, mfanyabiashara wa ng'ombe. Ebei aliandika kwamba wafugaji wauze nusu ya mifugo kabla ya ukame, Golicha akajibu pembeni, "Wewe Ebei hata mbuzi huna, unatufunza kuchunga?" Ebei aliandika kwamba mahindi ya msaada yanalemaza watu, Golicha akamwuliza kama yeye mwenyewe angekula karatasi. Walikunywa chai pamoja, wakaachana kila mtu na lake.

Februari 1988 watu walipiga kura kwa mlolongo katika uwanja wa shule, kila mmoja akisimama nyuma ya mgombea wake. Mstari wa mgombea wa Ebei uliishia golini, ule mwingine, alimokuwa Golicha, ulitoka nje ya geti, lakini aliyetangazwa mshindi ni yule wa mstari mfupi. Wenzake Ebei walichinja mbuzi wakamwita akale, hakwenda, na Jumatatu ubao ulisema, "Mgombea wangu ameshindwa. Nilikuwa kwenye mstari wake, niligeuka nikaona."

Wenzake ndio waliochana ukurasa huo. Tarehe 3 Machi alikamatwa kwa uchochezi, ubao ukang'olewa, na Golicha, ambaye hakuwa amewahi kukubaliana naye hata juu ya mvua, alizunguka kwa watu wa mstari mrefu akiwaomba waende wote kituoni. Kila mmoja alikuwa na mgonjwa au safari ya Garbatulla. Akaenda peke yake, askari akamcheka, "Mzee, si huyu ndiye mnagombana kila wiki?"

"Ndiye," Golicha akasema. "Kichwa ngumu, na ya ng'ombe hajui kitu. Lakini mstari wetu ulikuwa mrefu, alichoandika ni kweli."

Aliambiwa arudi nyumbani. Ebei alitoka tarehe 20 Aprili, baada ya kulala kwenye sakafu yenye maji, akiwa amefutwa kazi na anakohoa, na matokeo hayakubadilishwa. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, akadhoofika, akaaga dunia nyumbani tarehe 17 Juni 1989, Akiru akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na maziwa, na makarani wa mnada waliochangia jeneza. Inawashukuru pia waliochana kurasa zake, kwa sababu walizisoma kwanza.

Wiki moja kabla ya kufa, marehemu alimwambia Akiru maneno ya ukurasa wa mwisho ayaandike, akasema tena kwamba ukame unakuja na wafugaji wauze nusu. Golicha ameupigilia ubao upya, akabandika ukurasa huo, na jana alisimama mbele ya ubao, watu wakidhani ataandika neno la kumsifu marehemu. Aliandika, "Bado nakataa, Ebei. Nijibu."

Penseli iko pale pale kwenye uzi wake. Silvano Ebei Emuria, pumzika kwa amani.