Unga wa Mgongo wa Sadock

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma nimsome Sadock wetu kama alivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda kupakwa poda.

Sadock alizaliwa Mbaga tarehe 14 Machi 1972, kwa kilio kilichosikika bonde la pili, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1981 hadi 1988, darasa la nne akalipenda hata akalisoma mara mbili, kisha akashika jembe la tangawizi, na kwa miaka ishirini na saba akateremsha magunia kwa mgongo hadi barabarani, huku Jumapili akiimba besi ya kutikisa madirisha ya usharika.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Raheli, msimamizi wake akiwa Aminieli, rafiki wa kula naye sahani moja, na Mungu akawajalia Tumainieli na Jenifer.

Mgongo ulipogoma, mwaka 2016, Aminieli alimletea unga, akaapa ni mizizi mitupu ya msitu wa Shengena, na Sadock akaulamba kila asubuhi miaka minane, akiusifu kuliko mahubiri. Mwaka 2022 alianza kunyong'onyea, mifupa ikauma, akapimwa mkojo kwa kijiti, kijiti kikaonyesha protini kidogo sana, akarudi nyumbani anacheka, hadi Septemba 2024 daktari bingwa alipompima upya na kueleza kwamba chujio la figo bado ni zima, ila vijifereji vinavyorudisha protini ndogondogo mwilini vimeharibika, zinapotea na mkojo, na kijiti hakizioni vizuri, akamuuliza, mzee, umetumia dawa gani za maumivu, naye akajibu kwa kujigamba kuwa hajameza hata moja.

Raheli akaukumbuka ule unga, akaenda kwa Aminieli kuchukua mwingine ukapimwe, akamkuta anatwanga vidonge vyeupe vya maumivu pamoja na mizizi, akamwambia, shemeji, kumbe Shengena siku hizi inaota vidonge, naye akajibu bila kuinua macho, mizizi peke yake haina nguvu, shemeji, watu wanataka kupona upesi. Sadock alipoambiwa aligeukia ukutani, asiimbe tena, na tarehe 9 Juni 2025 figo zikashindwa kabisa, akafariki hospitalini Same, Raheli akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopanda mlima na sufuria za chakula, wakulima wenzake, na kwaya. Aminieli, tumekuona umesimama na wabebaji, Raheli anasema kaa, kula, lia upendavyo, ila jeneza hutaligusa.

Pumzika kwa amani, Sadock, mikononi mwa wasiokudanganya.