Mzee Lusungu Mwaisumo na Sehemu Yake katika Mabatini Jazz, 1953–2025

Tunayemsindikiza leo ni Mzee Lusungu Mwaisumo, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1953 kijijini Masoko, wilaya ya Rungwe, mtoto wa tatu wa fundi wa kuezeka nyumba. Anayesoma ni Blessing, kitindamimba wake. Kaka zake wamemwachia kazi hii kwa kuwa yeye hajalia, na kweli hajalia. Tangu Jumatano anapokea pole, anagawa chai, anajibu simu, na hasikii kitu.

Marehemu alisoma shule ya msingi hukohuko Masoko, 1961 hadi 1967. Muziki alijifunza kanisani, kwenye kikundi cha matarumbeta cha Moravian. Mikono yake ilikuwa mirefu kupita ya wenzake, basi akapewa tromboni, lile tarumbeta la kuvuta bomba.

Mwaka 1973 alikuja Dar es Salaam, akawa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa mwaka 1996. Mwezi Machi 1979, yeye na Mzee Mwinshehe, fundi cherehani na mpiga saksafoni, walianzisha Mabatini Jazz hapa Tandika. Haikuwa bendi ya shirika wala ya tajiri. Ilikuwa ya mtaa: walimu, makarani, mafundi, na muuza samaki mmoja wa Buguruni. Walifika watu kumi na sita, kumi wakiwa wa kupuliza. Nota hawakusoma, marehemu alimwimbia kila mmoja sehemu yake mpaka imkae. Ramadhani bendi ilifungwa, na Kwaresima ikafungwa tena kwa heshima ya marehemu. Mzee Mwinshehe alikuwa akimtania, "Weye Lusungu, kwa mifungo hii ya pande mbili, muziki tutapiga lini jamani?"

Tarehe 12 Septemba 1981 alimwoa Mwalimu Auleria, kutoka Bukoba. Ukumbini siku hiyo aliyeshika tromboni alikuwa anakosea. Bwana harusi alivumilia nyimbo mbili, ya tatu akainuka meza kuu na suti yake, akaenda kupiga mwenyewe. Bibi harusi akala keki peke yake. Mama amesema liandikwe, maana hajalisamehe.

Bendi ilikuwa na utaratibu: ukishapewa kiti, ni chako mpaka uinuke mwenyewe. Hakuna wa kukuinua.

Januari mwaka huu marehemu alianguka bafuni. Madaktari walikuta mapafu yameharibika zamani, wakasema amechelewa sana. Nyumbani tulishangaa, kwani Desemba tu Blessing alimwona jukwaani Kipawa, akashangilia, akarudi kumwambia mama yake kwamba baba ana pumzi za kijana. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa hospitali. Mama alikuwa amemshika mkono.

Alhamisi Mzee Mwinshehe alikuja msibani, akakataa kiti, akakaa chini.

"Mama Fredrick," alimwambia Mama, "mie nilijua. Tangu Pasaka ya mwaka juzi Lusungu alikuwa anavuta bomba tu, hapulizi. Pumzi hana. Sehemu yake nikiipiga mie kwa saksafoni, niiunge na yangu, watu wasijue."

"Na wenzako?"

"Sote tulijua."

"Karibu miaka miwili, Mwinshehe! Mnamsikia, mnanyamaza?"

"Tungemwambia nini? Kumwambia hupulizi ni kumwambia inuka."

Mama aliinuka. Alipoingia ndani alisema bendi isikanyage makaburini. Blessing aliona sawa. Na leo bado ana hasira nao, tena nyingi, kwa sababu walimpenda baba yake kwa namna iliyomnyima daktari. Ana hasira pia na yule aliyekaa Kipawa akipiga makofi, asijue anayempigia ni nani.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Auleria, watoto watatu, Fredrick, Rogers na Blessing, wajukuu watano, dada mmoja, aliyeko Masoko, na wanamuziki kumi na watatu wa Mabatini Jazz, waliosimama pale kwenye ukuta wa makaburi na vyombo vyao, wasijue kama wanatakiwa.

Wanatakiwa. Jana mchana Mama alimwita Mzee Mwinshehe uani, Blessing akiwepo, akamwambia maneno haya: "Njooni mpige. Ila ile sehemu ya mume wangu asiishike mtu. Ikifika, iacheni tupu mpaka ipite. Mmetuficha vya kutosha. Nataka niisikie kwamba haipo."

Mzee Mwinshehe alisema kwamba hajui kama ataweza. Mama akamjibu kwamba na yeye hajui.

Bwana ampokee mtumishi wake Lusungu, amjalie pumziko la milele. Mzee Mwinshehe, shikamoo. Anzeni.