Mzee Anapoisimulia Simu

Nilikuwa namenya viazi, kisu kikinisumbua kwa sababu kifundo cha mkono wa kulia kimevimba kwa kuchapa, Spika alipogonga dirisha la jiko. Spika ni jirani mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye, Fundi Saa na mume wangu hunywa kahawa yangu kila jioni kwenye benchi chini ya dirisha hilo. Mume wangu huandika riwaya kwa kalamu, mimi naichapa kwa kompyuta usiku, watoto wakishalala. Sura ya mwisho ilitakiwa na mchapishaji kesho yake asubuhi.

— Shemeji, umekombolewa! Simu ya mzee inaandika yenyewe! Unasema tu!

Nikatoka na kisu mkononi. Kweli, maneno yalikuwa yanajipanga kwenye kioo. Nusura niibusu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Fundi Saa. Hii inasikia, haivunjiki ng'o!

— Atatoa kitabu kila wiki! akadakia Spika.

— Kila siku! Akikoroma tu, sura mbili.

— Mfungie mbuzi simu hiyo shingoni uone. Naye ana yake moyoni!

— Haya, baba watoto, sema, nikamwambia.

Mume wangu akakohoa. Akaishika simu kama mgeni rasmi anavyoshika kipaza sauti.

— Mabibi na mabwana…

Akakwama hapo. Mtu ambaye hajawahi kumwachia mwenzake nafasi ya kumeza kahawa!

— Koo limemkauka. Mwongeze kahawa, shemeji, akasema Spika.

— Kahawa imekwisha.

Mama mkwe akaingia na chupa ya mafuta kutoka dukani. Akatutazama.

— Mwanangu, unamsimulia nani?

Spika akamtazama Fundi. Fundi akatazama saa yake. Mama akaketi, akaipakata simu.

— Basi niambie mimi. Yule mjane wa riwaya yako alifungua mlango, au hakufungua?

— Hakufungua mara moja, mama. Kwanza alizima taa…

Akaanza, na hakusimama. Benchi zima likamsogelea. Mimi nikakaanga viazi sikio likiwa dirishani. Giza lilipoingia wakahamia mezani, naye bado anasimulia, simu katikati ya sahani, hadi mjane akafungua mlango. Nikapakua, nikahesabu kwa sauti kama kawaida yangu:

— Mama, baba, watoto watatu, Fundi, Spika. Wote wapo. Kuleni kabla hakijapoa.

Mume wangu akatazama kioo, akacheka.

— Imeandika na hayo. Nifute?

— Acha, akasema mama. Mjane naye amepata wageni.

Nikahamishia kijiko mkono wa kushoto, nikala.