Babu Manowari na Mizinga Yake

Benchi lenyewe ni taruma la mbao la reli ya zamani, limelazwa juu ya matofali mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Kituku, mjini Voi, na wenyewe huliita Gati. Bahari iko mbali, na asubuhi hiyo hata mfereji wa mtaa ulikuwa siku ya nne hautoi tone. Lakini Gati ni Gati. Jina lilitokana na Abdulbasit, fundi cherehani wa kibanda cha pili, ambaye kwa miaka tisa hakuwa na hadithi nyingine ila ya meli moja ya vita, ya matanga, iliyopotea zama za masultani na babu wa babu yake ndani. Wakambandika jina la Nahodha, mtu ambaye feri ya Likoni tu humtapisha. Siku hiyo alikuja na bahasha ya kaki kwapani na kanzu iliyopigwa pasi, na kabla hajaketi kila mtu alijua kuna neno.

— Imepatikana, alisema Nahodha.

— Mbuzi yangu iliyopotelea Marungu? aliuliza Kituku. Huyu ndiye wanayemwita Wakili. Aliwahi kujitetea mwenyewe kwenye kesi ya mpaka wa shamba, akashindwa, lakini alishindwa kwa vifungu vya sheria.

— Meli, Wakili. Wale watu wa kumbukumbu kule ng'ambo wamenijibu. Barua kumi na saba nimewaandikia, na leo wamenijibu!

Miraj, muuza kahawa, alimjazia kikombe bila kuulizwa.

— Kunywa kwanza, Nahodha. Bado ya moto.

— Wacha ipoe. Mizinga ishirini na minne, Miraj. Milingoti mitatu. Mbao za msaji. Wameleta na orodha ya waliozama, watu mia na kumi na wanne. Nimetoka kuichapisha kwa Sharon, kwenye kompyuta za saiba, sasa hivi.

— Na wewe hiyo orodha ni ya nini? Wamekufa, wamekufa, alisema Wakili. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayazoleki, lakini huulizwa nani kayamwaga. Nyinyi mwacheka. Shangazi yangu, Bi Khairat, ana miaka themanini na sita. Tangu msichana anaitwa kizazi cha mtoro. Watu walisema yule mzee hakuzama, aliteremka bandari ya mbali akaoa huko, akamwacha mkewe na kitoto mgongoni. Ikiwa amezama na wenzake, basi hakutoroka. Nataka Bi Khairat aisikie hiyo kabla hajafumba macho. Basi. Sitaki lingine duniani.

Miraj akauliza, kwa heshima, ilizamaje.

— Hapo barua haisemi. Ilitoka, haikurudi.

— Ni dhoruba, alisema Miraj. Kwani bahari yataka sababu?

— Dhoruba gani! Wakili aliweka kikombe chini. Hiyo meli ilikuwa na haraka. Haraka haraka haina baraka. Mimi nasema nahodha alivuka mpaka ya watu. Bahari iko na mpaka kama shamba. Akaambiwa simama, akakataa, akapigwa.

— Mpaka wa baharini aliuweka nani, na kwa vigingi gani? Nahodha aliuliza.

— Hiyo ndiyo kesi yenyewe!

Pikipiki ikasimama. Alikuwa Noah, bodaboda wa Sagalla, ambaye kwa jina hilo asingeweza kuepuka kuitwa Safina. Nyuma alikuwa amefunga mitungi miwili ya maji kwa mpira. Wakili alikuwa akiyangoja maji hayo tangu alfajiri; nyumbani kwake hata chai haikupikwa.

— Mnabishana nini, wazee? Ile meli? Hiyo meli haikuzama, manze. Iko kwetu Sagalla.

— Mlimani?

— Ndani ya mlima. Nyanya yangu alinionyesha jiwe moja, ukiliangalia hivi, ni tezi ya meli kabisa, ile nyuma yake. Zamani bahari ilifika huku. Maji yakarudi, meli ikabaki, udongo ukaifunika. Sasa jiulizeni, mbona Sagalla hakuna maji?

— Mbona?

— Meli imekalia chemchemi! Imeziba kama kizibo. Watu wanachimba visima, wanagonga mbao, wanasema ni mwamba.

Miraj alicheka hadi akamwaga kahawa. Wakili hakucheka. Kwa mara ya kwanza alimtazama Safina kama shahidi wa maana.

— Sasa naelewa, alisema polepole. Ndiyo maana hiyo reli mpya ikapitishwa hapa. Wanatoa mizinga usiku, kidogo kidogo, kwa mabehewa ya mizigo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Reli imeinama wapi?

— Wewe Miraj pika kahawa.

Nahodha alikuwa akitabasamu tu. Siku nyingine angebishana hadi adhuhuri, angewachorea milingoti mchangani kwa chaki yake ya kushonea. Leo hakuwa na haja. Bahasha ilikuwa kwapani, nzito, ya moto kutoka kwenye mashine. Wacheke. Miaka tisa walimcheka, na miaka tisa alirudi kwenye cherehani yake akaandika barua nyingine.

Hapo ndipo Sharon wa saiba alipokuja mbio, karatasi moja mkononi.

— Mzee Abdulbasit! Umesahau peji ya mwisho kwa printa.

— Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke.

Msichana hakuondoka. Alikuwa akiisoma ile karatasi.

— Hawa wote walizama?

— Wote. Pamoja na babu wa babu yangu.

— Pole. Akashuka na kidole kwenye majina. Na babu yako ni yupi hapa?

— Babu yangu ni... Nahodha alivuta karatasi zote nje ya bahasha. Babu yangu ni Babu Manowari.

— Manowari si ni meli ya vita? Namaanisha jina lake. Aliitwa nani?

Juma bin Faraji. Mabruki bin Heri. Feruzi bin Almasi. Nahodha alisoma peji ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Kina Mabruki walikuwa wanne, kina Juma saba. Alijua urefu wa mlingoti mkuu. Alijua uzito wa nanga.

Akapiga simu, akaiweka sauti kubwa kwa kuwa shangazi hasikii vizuri.

— Bi Khairat, shikamoo. Babu Manowari, jina lake khasa lilikuwa nani?

— Marahaba, baba. Sijui. Mkewe alikataza lisitajwe nyumbani mwake, kwa uchungu. Tukakua na Manowari.

— Na miaka yote hii hukuniambia hujui?

— Hukuniuliza jina, mwanangu. Uliniuliza mizinga. Sisi tuko hapa twangoja wewe ndiye utwambie.

Simu ikakatika. Miraj aliinua dele la kahawa, akalitikisa, lilikuwa tupu. Nahodha aliona aibu hata masikio yakamwaka, na juu ya aibu kulikuwa na huzuni ya yule mtu, kufa mara moja majini na mara ya pili midomoni mwa watu wake.

Kisha akasimama.

— Mtoto wake, kile kitoto cha mgongoni, amezikwa hapa hapa Voi. Waleed, aliyekuja na reli. Mama anaweza kukataza jina nyumbani, lakini mwanawe akifa huandikwa kaburini bin fulani. Kila Idd naenda kufyeka pale. Dua nasoma. Jiwe sijapata kulisoma. Safina, nipeleke makaburini.

— Na kama imeandikwa bin Manowari? aliuliza Wakili.

— Nitatafuta kwingine. Karatasi za reli, vyeti vya nikaha, popote. Nina miaka mingine tisa, inshallah.

— Na Bi Khairat anayo?

Nahodha alikuwa ameshapandisha kanzu kukalia pikipiki.

Safina alianza kufungua mitungi ateremshe mzigo. Wakili aliingia dukani, akatoka na brashi ya waya, mpya, lebo bado ipo, akamtia Nahodha mkononi. Halafu akamshika Safina mkono.

— Teremsha moja tu. Hiyo ingine nendeni nayo. Jiwe ya miaka tisini haisomeki bila kuoshwa.