Sahihi ya Mjomba

MJOMBA: Haloo? Nani mwenzangu?

KIROBOTO: Mimi, Mjomba. Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba. “Mimi” ndiye nani?

KIROBOTO: Kiroboto. Mpwa wako wa ughaibuni.

MJOMBA: Aa, Kiroboto. Unasikika kama umo ndani ya pipa. Vipi huko kiwandani, mikate inaumuka?

KIROBOTO: Mikate inaumuka. Hundi yako ya nauli ndiyo imegoma kuumuka. Benki wameikataa.

MJOMBA: Waikatae kwa lipi? Hela zangu zimo. Nimezichuma kwa brashi, herufi moja moja.

KIROBOTO: Hela hazina ubaya. Tatizo la kwanza ni jina. Imeandikwa “Mlipe Kiroboto”.

MJOMBA: Kwani si wewe?

KIROBOTO: Ni mimi, ila pasipoti yangu hailijui. Nimekaa pale kwenye benchi, viatu vimejaa unga, dada wa dirishani anaita ukumbi mzima, “Bwana Kiroboto, Bwana Kiroboto.” Kwa heshima zote. Hajui maana yake.

MJOMBA: Hukumwambia?

KIROBOTO: Aliniuliza. Nikamwambia ni jina la mashujaa.

MJOMBA: [anacheka] Haya, kwenye pasipoti unaitwa nani?

KIROBOTO: Mjomba. Umenilea wewe.

MJOMBA: Ndiyo maana. Mtoto wa nyumbani anaitwa jina kamili na polisi tu.

KIROBOTO: Halafu lile jina hukuliandika wewe. Mwandiko ni wa duara, kama wa ubaoni.

MJOMBA: Kaliandika Mwalimu. Yule jirani mstaafu. Alikuja kuomba chumvi.

KIROBOTO: Kila nikipiga simu yuko hapo anaomba chumvi.

MJOMBA: Anapika sana.

KIROBOTO: Sawa. Na sahihi je?

MJOMBA: Sahihi ni yangu mwenyewe.

KIROBOTO: Benki yako wanasema hailingani na ile waliyo nayo. Na mimi nimeiona. Imeanza kwenye mstari, ikapanda juu ya tarehe, ikatoka nje ya karatasi.

MJOMBA: Nilikuwa na haraka.

KIROBOTO: Wewe? Mchora mabango aliyenichapa kwa sababu O yangu imelala?

MJOMBA: Mtandao unakwaruza, sikusikii vi—

KIROBOTO: Unanisikia. Wanataka wewe mwenyewe uthibitishe namba ya ile hundi, waifute, uandike nyingine. Imebaki kwenye kishina, kwenye kitabu cha hundi. Nisomee.

MJOMBA: Sasa hivi?

KIROBOTO: Nasubiri.

MJOMBA: [droo inafunguliwa, inafungwa] Humu ndani kuna upepo.

KIROBOTO: Namba tu, Mjomba.

MJOMBA: Miwani nimeikalia.

KIROBOTO: Lini?

MJOMBA: Hapa hapa. Ngoja Mwalimu atoke jikoni.

KIROBOTO: Jikoni kwake?

MJOMBA: Jikoni.

KIROBOTO: Mjomba. Tangu lini huoni?

MJOMBA: Naona. Mlango nauona, kuku nawaona—

KIROBOTO: Tangu lini?

MJOMBA: Tangu mvua za mwanzo. Niliona ukungu, nikadhani ni vioo vya madirisha. Nikaviosha vyote.

KIROBOTO: Na kazi?

MJOMBA: Bango la mwisho lilikuwa la kinyozi. Z ikaniponyoka, ikalala, ikawa N. Limesomeka KINYONI. Sasa watu wanashukia pale wakidhani ni kituo.

KIROBOTO: [anacheka, kisha anajizuia]

MJOMBA: Cheka tu. Kinyozi mwenyewe kafurahi, wateja wameongezeka.

KIROBOTO: Daktari anasemaje?

MJOMBA: Mtoto wa jicho. Anautoa ukungu huo. Ila anataka nije na mtu wangu wa karibu, wa kuniwekea sahihi na kunirudisha nyumbani. Nikamwambia ninaye, ila yuko mbali.

KIROBOTO: Kumbe ndiyo nauli ile.

MJOMBA: Nilitaka pia uje uone bati. Zinavuja.

KIROBOTO: Na Mwalimu? Yeye si mtu wako?

MJOMBA: Ni jirani.

KIROBOTO: Umeshawahi kumuuliza?

MJOMBA: Mambo hayo mtu mzima hamuulizi mtu mzima hivi hivi.

KIROBOTO: Muulize sasa, nipo.

MJOMBA: Salio lako litaisha.

KIROBOTO: Limebaki kidogo. Fanya haraka.

MJOMBA: [mbali na simu] Mwalimu. Samahani, mama. Huyu mtoto anauliza... [maneno yanafifia; sufuria inawekwa chini]

KIROBOTO: Mjomba? Haloo?

MJOMBA: Nipo. Anasema alishakwenda hospitali, kajiandikisha yeye.

KIROBOTO: Kama nani?

MJOMBA: Wamemuuliza, yeye ni nani wangu. Akasema mke.

KIROBOTO: Akasema hivyo?

MJOMBA: Anasema akinisubiri mimi, rangi itakauka ndani ya kopo.

KIROBOTO: Na wewe umemjibu nini?

MJOMBA: Nimemuuliza kama chumvi imetosha.

KIROBOTO: Mimi nakuja vilevile, bosi kanipa ruhusa. Hundi tuiache. Akushike mkono mwende benki, wakuone sura, watoe hizo hela, anitumie kwa simu. Yeye vitufe anaviona.

MJOMBA: Yaani hujafika, umeshaanza kumtuma mke wangu?

KIROBOTO: Umesema nani?

MJOMBA: Sijasema kitu.

KIROBOTO: Amesikia?

MJOMBA: Amesikia. Kasimama na mwiko mkononi.

KIROBOTO: Mwambie neno basi, salio lina—

[simu inakatika]

MJOMBA: Haloo? Kiroboto? Imekatika. Hapana, usirudi jikoni. Kaa hapa.