Aliyepitisha Tarehe

Fundi cherehani mmoja, mjamzito aliyepitisha tarehe yake, alipanda basi kwenda hospitali kuanzishiwa uchungu. Nyuma yake wamama wawili wasiojuana walikuwa wameshikana maneno.

"Mkwe wangu aliwekewa dripu ya uchungu, njia ikagoma kufunguka, wakaishia kumpasua," alisema mmoja. "Mtoto hutoka akiwa tayari. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, dada yangu," alijibu mwenzake. "Mimi nilisubiri, na kisu nikakionja vilevile. Binti yangu alianzishiwa, akajifungua kawaida."

"Bahati yake!"

"Na ya mkweo tuiite nini?"

Fundi alishika tumbo, akacheka kimoyomoyo. Daktari alishamweleza yote mawili, naye alikubali kwa hiari yake. Basi liliposimama hospitali, aliinuka taratibu. Walipoona tumbo lile, mmoja wa wabishi aliuliza:

"Mwanangu, umetusikia?"

"Neno kwa neno, mama zangu. Niombeeni nyote wawili."

Alishuka akitabasamu. Basi lilipoondoka walikuwa wameshaanza tena kubishana, huku wote wawili wakimpungia mkono dirishani.