Bunduki Tatu na Jicho Moja

Asante mwenyekiti. Nimeambiwa nisizidishe dakika kumi kwa sababu chakula kiko tayari, basi nikizidisha mnivute koti. Na ninyi mnaocheka kabla sijaanza, nawaona. Waliotangulia wameshuhudia juu ya pombe, mmoja juu ya hasira. Mimi kilichoniangusha ni bunduki. Sikuua mtu! Tulieni.

Miaka michache baada ya uhuru niliajiriwa kutunza bunduki kwenye kilabu ya wenye mashamba ya majani chai, kule tunakopakana na Sotik. Kila Jumapili walikuwa wakilenga sahani za udongo. Mtambo wa springi unarusha kisahani hewani, kipana kama kiganja hivi, na mtu anakipasua kwa marisau, zile risasi za chembechembe, kabla hakijaanguka. Ndiyo, watu wazima. Kazi yangu ilikuwa kusafisha bunduki, kuzipaka mafuta na kuzifungia kabatini, na niliijua kuliko nilivyolijua shamba langu la hapa Kiogoro.

Kisha akaja meneja mpya. Wazungu wengi walikuwa wanaondoka, na wanachama wapya, madaktari na maofisa, hawakujua kulenga. Akaniita. "Wewe utawafundisha. Lakini mwalimu lazima apasue sahani kumi na tano kati ya ishirini na tano. Nakupa miezi mitatu. Ukishindwa natafuta mwingine, na ile nyumba ataishi yeye." Nyumba yenyewe ndiyo niliyoishi na mke wangu na watoto wawili.

Siku ya kwanza nilipasua mbili. Mbili! Nikasema, hii bunduki ya kilabu ni takataka.

Ujinga wangu ulianzia hapo. Waliokuwa wanaondoka waliacha bunduki zao ziuzwe, zile za kifahari, na meneja akaniruhusu kuzijaribu. Nikaanza na ya Mwingereza, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, nyepesi, kitako kinang'aa mpaka unajiona. Lakini inapiga teke hiyo! Nikaiacha, nikachukua ya Mtaliano, mtutu juu ya mtutu, nzito kidogo, inatulia begani, na jicho linafuata mstari mmoja tu. Nikapasua nne. Nikasema shida ni uzito. Nikachukua ya Mbelgiji, chuma chake kimechorwa bata, ukiishika katikati haielemei mbele wala nyuma. Tatu. Nikarudi kwa Mwingereza, nikarudi kwa Mtaliano. Nilikuwa na daftari la kuandika ipi inaizidi ipi: kitako, kifyatulio, urefu wa mtutu. Na kila anayepita ana ushauri! Mpishi, ambaye hajawahi kushika hata manati, ananiambia Mbelgiji ndiye fundi. Nilimwambia arudi akaangalie sufuria zake.

Nyumbani nikawa mtu wa kuogopwa. Bega la kulia lilivimba likawa jeusi. Mke wangu alinikanda kwa maji ya moto kila jioni, na mimi badala ya kusema asante namweleza habari za mitutu. Siku moja, zikiwa zimebaki wiki tatu, akasema polepole, "Baba watoto, labda shida si bunduki."

Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha. Nililipiga teke lile karai la maji ya kunikanda. Bahati yalikuwa yamepoa. Nikamwambia, "Mchuma majani chai wewe, utanifundisha bunduki?" Asubuhi alichukua watoto akaenda kwao, kupita Nyamira.

Nilikaa wiki nzima na kiburi changu na zile bunduki tatu. Sikupasua zaidi ya nne. Mwishowe nikafunga safari.

Baba mkwe alinikalisha, hakuniuliza kitu, akatoka kumwita binti yake. Nikabaki peke yangu, nimebanwa, nataka kwenda chooni. Na nje, mbele ya mlango, mama mkwe alikuwa anaanika wimbi la uji. Mnaijua heshima yetu. Ningetokaje nikutane naye uso kwa uso? Nikasogea mlangoni nichungulie kwenye ufa wa mbao, nione kama ameondoka. Ufa wenyewe ulikuwa kwenye kona kabisa, upande wa kulia, paji la uso linagonga ukuta.

Mke wangu akaingia kwa mlango wa nyuma wa jikoni, ambao mkwe hapitii, akanikuta nimejikunja hivyo. Alikuwa amenuna, lakini kicheko kikamtoka.

"Unajivunja shingo kwa nini? Chungulia na jicho la kulia, si liko hapo hapo?"

"La kulia halinionyeshi vizuri. Nimezoea la kushoto."

"Na bunduki unalenga na lipi?"

Jamani! Nilipokuwa mdogo nilichapwa kwa kula na mkono wa kushoto, mpaka nikazoea wa kulia. Mkono ulichapwa ukasikia. Jicho hakuna aliyelichapa, la kushoto likabaki ndilo lenye shabaha miaka yote hiyo, na mimi nalenga na lingine!

Alikubali turudi. Nikaweka bunduki bega la kushoto. Sasa sikieni: zile za kifahari zote vitako vyake vimepindwa kidogo kufuata shavu la mtu wa mkono wa kulia. Zilinipiga taya, moja baada ya nyingine. Miezi miwili nazilinganisha, na hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa mtu kama mimi! Nikaomba ile ya kilabu, haina urembo, kitako kimenyooka. Siku ya mtihani nilipasua kumi na nane, mke wangu akihesabu kwa sauti nje ya ua mpaka meneja akamwomba apunguze.

Nawashukuru wakwe zangu, walionipokea bila kunisema. Namshukuru yule meneja, aliyenivumilia. Na ninyi wenzangu, kabla hujabadilisha chombo cha tatu, muulize anayekuona kila siku. Na akikujibu, msikilize.

Bado neno moja, mwenyekiti, usinivute koti. Siku ile kule kwao nilisema, "Twende." Nilifurahia jicho langu, nikasahau nililofuata. Mpaka leo, watoto wameshakuwa wakubwa, sijamwomba msamaha. Mama watoto, uko hapo kwenye benchi la tatu. Nilikukosea. Nisamehe.

"Nimekusamehe. Lakini sema tena, wa nyuma hawakusikia."